Masomo ya Data: Nani Atalipa?



Siku hizi kila mfanyakazi anayelalamikia mshahara hupewa jibu moja. Haambiwi tena avumilie, wala haambiwi angoje bajeti. Aambiwa, "Kajiendeleze. Masomo yamejaa kwenye intaneti. Soma sayansi ya data kwa simu yako, uachane na kazi hii ya grisi." Maneno hayo tumeyasikia katika ofisi za matajiri, na sasa hata baadhi ya wenzetu wa chama wameanza kuyasema. Sisi wa reli twataka kuyajibu.

Kwanza ieleweke kwamba hatupingi elimu. Wengi wetu tulisoma shule za misheni mpaka darasa la nane, tukaondoka kwa kukosa karo, si kwa kukosa akili. Mtu wa namna hiyo hawezi kudharau kitabu, hata kikiwa ndani ya simu. Ni jambo kubwa kwamba mwaka 2011 mwalimu wa chuo cha Stanford huko Marekani, Andrew Ng, alifungua somo lake la kuzifundisha mashine kwa watu wote bila malipo, na zaidi ya watu 100,000 wakajiandikisha. Mwaka 2012 yeye na mwenzake Daphne Koller wakaanzisha kampuni ya Coursera, na vyuo vya Harvard na MIT vikaanzisha edX. Babu zetu hawakuuona mlango kama huo.

Lakini tazameni kilichofuata. Baada ya walimu walikuja wachuuzi. Ile edX iliyoanzishwa bila nia ya faida iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 800, na kampuni iliyoinunua, 2U, ikaomba hifadhi ya mufilisi Julai 2024. Cheti cha Google cha uchambuzi wa data, kilichotolewa mwaka 2021, bei yake Marekani ni dola 49 kwa mwezi, na wenyewe wasema mtu atakimaliza kwa miezi sita hivi, akisoma karibu saa 10 kila juma. Saa 10! Mtu wa zamu ya usiku yadini, anayerudi alfajiri kwenye chumba kimoja chenye watoto watatu, atazitoa wapi? Farao aliwataka watu matofali akawanyima majani. Huyu wetu ataka matofali, na majani atuuzia.

Watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walizipekua hesabu za masomo ya Harvard na MIT wakazitangaza mwaka 2019. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza walikuwa kama 3 tu katika kila 100 waliojiandikisha. Lakini wale waliolipia cheti, karibu nusu yao walimaliza. Je, wale 97 wote ni wavivu? Wengine, bila shaka, waliingia kuchungulia tu. Lakini anayetuambia kwamba kinachotakiwa ni bidii peke yake, na atueleze kwa nini bidii hukaa zaidi kwa wenye fedha na nafasi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo tunapodanganywa zaidi. Twaambiwa kazi ya data ni ya watu wengine, na ili tuiingie lazima tuitupe kazi yetu. Waliomo katika kazi hiyo husema wenyewe kwamba muda mwingi hauishii katika hesabu kubwa kubwa, waishia katika kusafisha maandishi machafu. Na machafu ya reli nani ayajua kuliko sisi? Behewa moja, karani wa Mombasa aandika namba kamili, wa Voi aacha sufuri ya mbele, wa Nakuru atia mkwaju katikati. Kompyuta yaona mabehewa matatu. Gari limeondoka saa tano na nusu za usiku na kufika saa nane. Karani aandika tarehe moja kotekote, na kompyuta yasema gari lilifika kabla ya kuondoka. Mwingine, kwa haraka, aandika saa ya Kiswahili mahali palipotakiwa ya Kizungu, na safari yapotea kwa saa sita kamili. Mtu wa stesheni akitazama karatasi hiyo acheka na kuisahihisha. Kijana mwenye digrii ambaye hajawahi kusimama yadini hatacheka, kwa sababu haoni kosa.

Na liko kosa zito kuliko hayo. Katika safu ya sababu za kuchelewa huandikwa "hitilafu ya injini", na huku dereva na gadi wajua gari lilikuwa likingoja njia. Jambo hili likiingia katika kompyuta mara mia, programu itasema karakana ndiyo mbovu, na mafundi watapunguzwa kwa hesabu ambayo hakuna atakayeweza kuipinga, maana "data imesema". Hii ndiyo sababu twayataka masomo haya. Hatuyataki ili tukimbie reli. Twayataka ili pale hesabu zinapofanywa awepo mtu wetu anayejua karatasi zilijazwaje.

Wapo watakaosema afadhali kukimbia, kwani kwenye kompyuta hakuna dhuluma. Ndugu, Nairobi hapa hapa, vijana walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama kusoma na kupanga maandishi ya matusi na ukatili ili kuifundisha mashine ya OpenAI walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Gazeti la Time lilifichua habari hiyo Januari 2023. Tarehe 1 Mei mwaka huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Kumbe hata mbele ya kioo cha kompyuta yuko tajiri na yuko mfanyakazi.

Basi twadai nini? Chuo cha mafunzo ya reli cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, wakati wa ukoloni, na hata wakoloni walijua kwamba mwajiri akitaka dereva lazima amfundishe. Leo mwajiri ataka watu wa data, naye atutuma tukajifundishe wenyewe usiku kwa bando letu. Na huku sheria yataka kila mwajiri alipe Sh. 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa NITA, fedha za mafunzo, na akifundisha watu wake kwa njia iliyokubaliwa aweza kuomba arudishiwe gharama. Wafanyakazi 1,000 ni Sh. 600,000 kwa mwaka. Nani kati yetu ameziona zikimfundisha?

Twataka mkataba ujao wa pamoja useme hivi: mfanyakazi aliyekubaliwa kusoma apewe saa nne kila juma ndani ya saa za kazi, mshahara usikatwe, karo na bando alipe mwajiri, na cheti kikipatikana kihesabiwe katika kupanda daraja, kisitundikwe ukutani tu. Na nafasi za data za reli zitangazwe kwanza kwa makarani, magadi na mafundi waliomo. Wasituambie umri umepita. Aliyeweza kukariri kanuni za ishara zote aweza kujifunza Python.

Kila aliyeanza masomo haya, aliyemaliza na aliyeshindwa, ampe katibu wa tawi lake jina la somo, fedha alizotoa na saa alizosoma usiku. Karatasi hizo twazitaka mezani kabla majadiliano hayajafunguliwa.