Usiniambie Ni Pori

Madalali wa ardhi wa Makambako wana neno wanalolipenda: pori. "Kuna pori ekari hamsini, halina mtu." Ukienda kulitazama unakuta mianzi ya ulanzi. Mianzi hiyo haikujiotea. Mtu aliichimba mahali, akaibeba, akaipanda karibu na nyumba yake ili aje aigeme wakati wa mvua. Ukisogea mbele kuna mifyulisi iliyozeeka, jiwe la kusagia lililolika katikati, kisha makaburi. Hilo ni hame, na wenyewe hawakuhama kwa kupenda.

Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na mwisho wake ni 1976. Operesheni Vijiji ikaanza: malori, mgambo, na mahali pengi nchini nyumba zilizobomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi. Miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, na Makambako, penye stesheni na njia panda ya kwenda Songea, pakanenepa. Nusu hiyo ya hadithi tunaisimulia kwa majivuno. Nusu ya pili tumeiachia mianzi.

Wenzangu wa uzamili hunijibu kwamba vijiji vilileta shule, zahanati na maji ya bomba. Vilileta kweli. Ila sijaona bado hoja inayoonyesha kwamba ili mtoto ajue kusoma, lazima nyumba ya babu yake iungue.

Linaloniudhi zaidi ni sheria. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya mtu katika ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Miaka mitano baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kifungu chake cha 15 kilihalalisha ugawaji wa ardhi wa Operesheni, kuanzia 1970 hadi 1977, hata pale ulipofanywa kinyume cha sheria, na kikafuta haki za waliokuwapo kabla. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo wa 1999 nayo ikaandika kwamba ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyokaliwa! Unamhamisha mtu kwa lori, halafu unashangaa mbona hayupo.

Sidai watu warudi mahameni. Waliogawiwa ardhi mpya wamezeeka na kuzikwa hukohuko. Kuwang'oa wajukuu wao itakuwa Operesheni ya pili. Ninachodai ni kwamba halmashauri ya kijiji isimkatie mtu ekari hata moja ya parachichi au miti ya mbao kabla wazee hawajapelekwa pale, koo zikatajwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na makaburi yakachorwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi.

Anayesema hakuna anayejali makazi yaliyokufa akatazame Cahawba, kule Alabama, Marekani. Ulikuwa makao makuu ya jimbo hadi 1826, baadaye ukahamwa. Leo ni hifadhi ya historia na watu husafiri kwenda kuuona. Hame letu linapigwa bikoni.

Kisha linaletwa trekta. Mianzi hung'olewa kwanza, maana mizizi yake inasumbua majembe.