Majuu Siku Tatu, Basi!

Tangu nitoke Amsterdam, masela wa Kwa Mrombo wana swali moja tu: "Mbona hukuzamia?" Jamani, mtu haruhusiwi kwenda kutembea tu?

Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu. Pale stesheni kuu, mwaka 2023 walifungua maegesho ya baiskeli 7,000 chini ya maji! Mwenye suti anakanyaga pedeli, mama kapakia watoto wawili. Huku kwetu ukiwa na baiskeli unaambiwa umefulia.

Haya, kuhusu kuzamia. Tangu Juni 2024 viza ni yuro 90, ukinyimwa hurudishiwi. Ukizamia wewe, mwenzako anayefuata ndiye anayebanwa maswali dirishani. Mnaielewa hiyo? Wiki ijayo, wapenzi!