Usiniandikie Mhusika Wangu

Kama hujawahi kucheza michezo ya kuigiza kwenye intaneti, nikueleze kidogo. Kila mchezaji anabuni mhusika wake, halafu mnatunga hadithi pamoja kwa kupokezana sentensi. Mhusika wangu ni mzee mwenye nyumba ya wageni pembezoni mwa jangwa. Juzi akaingia kijana mmoja, akaandika: "Anamchoma mzee kisu. Mzee anaanguka, analia, anaomba radhi."

Analia? Nani kamwambia mzee wangu analia?

Nikalalamika, ndani ya mabano mawili kama ilivyo desturi yetu mtu anapoongea kwa nafsi yake na si ya mhusika. Akanijibu: "Kaka, si mchezo tu jamani?"

Hiyo "mchezo tu" ndiyo ninayoipinga. Mchezo gani usio na adabu? Hata kwenye bao, uwe fundi namna gani, humchezei mwenzako zamu yake. Sentensi ya kijana ilitakiwa iishie hapa: "Anarusha kisu kuelekea kifua cha mzee." Basi. Kisu kufika au kutofika, mzee kukwepa au kufa akicheka, hiyo kazi yangu.

Na sisemi kwamba mhusika wangu hafi. Wapo hao nao, kero kweli kweli: kila kisu kinawapita, kila sumu kwao ni maji. Ni ndugu moja na yule kijana. Wote hawataki neno la mwenzao liwaguse. Ukitaka kuniua niulize kwanza pembeni. Mara nyingi nitakubali, maana kifo kizuri kinanogesha hadithi.

Mtaniambia nakuza mambo. Haya, twende LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi matupu alioufungua Pavel Curtis wa Xerox PARC, California, mwaka 1990. Mwaka 1993 mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyomwezesha kuandika vitendo kwa jina la wahusika wa wengine. Akawaandikia mambo ya ubakaji, hadharani, wenyewe wanasoma tu na hawawezi kuzuia. Julian Dibbell alilisimulia tukio hilo katika The Village Voice mwaka huohuo. Mmoja wa waliotendewa alimweleza kwamba alipokuwa akiandika kulalamika, machozi yalikuwa yakimtiririka. Machozi ya kweli, ya mtu mwenye mwili, aliyekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta. Mhusika wa Bungle alifutwa.

Kijana wangu si Bungle, hilo nalisema wazi. Kisu kimoja cha kubuni si ubakaji. Ila mlango uliovunjwa ni uleule: mtu kuingia ndani ya sentensi yangu na kuamua mimi nasikiaje uchungu.

Mzee wangu yuko palepale kaunta. Kijana akitaka tuendelee, aje, chai ipo. Lakini ile sentensi yake ya pili aifute kwanza.