Nani Ana Haki ya Kutengeneza Filamu Mbaya?

Catwoman ya mwaka 2004 ni filamu mbaya, na sina nia ya kuitetea. Shujaa wake, aliyeigizwa na Halle Berry, anafufuliwa na paka, anatunukiwa nguvu zipitazo za kibinadamu, kisha nguvu hizo zote anazielekeza katika vita dhidi ya krimu ya uso. Wanaume wa vitabu vya vibonzo hupewa jukumu la kuokoa miji, dunia, hata ulimwengu mzima. Huyu akaachiwa kiwanda cha vipodozi. Filamu iligharimu takriban dola milioni 100, na mauzo ya tiketi duniani kote hayakufikia kiasi hicho. Watazamaji waliikataa, nao walikuwa na haki ya kuikataa.

Ninachokipinga ni hukumu iliyofuata. Elektra ilipoanguka nayo Januari 2005, wakuu wa Hollywood hawakusema kwamba hadithi zilikuwa dhaifu. Walisema kwamba wanawake hawauzi. Ushahidi upo kwa maandishi yao wenyewe: katika barua pepe ya mwaka 2014, iliyofichuka baada ya mitandao ya kampuni ya Sony kudukuliwa, mkuu wa Marvel Entertainment, Ike Perlmutter, alimworodheshea mwenzake wa Sony filamu tatu za mashujaa wa kike kama mfano wa hasara: Elektra, Catwoman na Supergirl. Hiyo ya tatu ni ya mwaka 1984. Ili kujenga hoja, ilimlazimu mtu huyu kurudi nyuma miaka thelathini!

Sasa naomba msomaji anifuate katika historia ambayo haikutokea. Tuseme ni mwaka 1997. Batman & Robin imetoka, filamu iliyotengenezwa jicho moja likitazama maduka ya vitu vya kuchezea watoto, na imechekwa kila mahali. Wakuu wanakutana, wanatikisa vichwa, wanaafikiana kwamba umma umewachoka wanaume wenye majoho. Mwaka huohuo Steel ya Shaquille O'Neal imeanguka, na kumbukumbu ya Superman IV ya 1987 bado ni mbichi. Kwa hiyo Spider-Man ya 2002 haipigwi picha. Iron Man ya 2008 inabaki karatasini, maana nani atahatarisha fedha zake kwa mwanamume mwingine? Waigizaji wa kiume wanaambiwa wavute subira, jamii haijawa tayari. Hatimaye, miaka kumi na miwili baadaye, mmoja anapewa nafasi, na magazeti yanauliza kama mabega yake yataweza kubeba matumaini ya jinsia yake yote.

Msomaji amecheka, bila shaka. Lakini badili jinsia, na hadithi hiyo inakuwa kumbukumbu halisi. Kati ya Elektra ya 2005 na Wonder Woman ya 2017 ilipita miaka kumi na miwili kamili bila studio kubwa ya Hollywood kumpa shujaa wa kike wa vibonzo filamu ya jina lake. Batman alisubiri miaka minane tu, akarudi mwaka 2005 kwa heshima zote. George Clooney hufanya mzaha kuhusu kushindwa kwake, na mzaha huo humwongezea mvuto. Ryan Reynolds aliangusha Green Lantern mwaka 2011, filamu ya dola milioni 200. Mwaka 2016 akarudi na Deadpool, akaidhihaki ile ya kwanza ndani ya ile ya pili, na watu wakampigia makofi.

Wapo watakaonijibu kwamba fedha haina jinsia. Kama ndivyo, anguko la Green Lantern lingesomwa kama la Catwoman, maana hasara ni hasara. Halikusomwa hivyo. Mmoja alianguka kama mtu binafsi, mwingine alianguka kwa niaba ya wenzake wote, pamoja na ambao bado hawajazaliwa. Mantiki hii hatuna haja ya kuifuata Hollywood. Katika vyuo vyetu mwanamume akivuruga idara huitwa mkuu mbovu, na nafasi yake humwendea mwanamume mwingine. Mwanamke akiivuruga, wajumbe husema kwamba tulikwisha kujaribu.

Na afadhali yule anayeruhusiwa kuanguka hadharani. Agosti 2022 kampuni ya Warner Bros. Discovery ilitangaza kwamba Batgirl, iliyokwisha kupigwa picha kwa takriban dola milioni 90, haitaonyeshwa popote. Nafuu ya kodi iliripotiwa kuwa sehemu ya hesabu. Leslie Grace, aliyebeba jina la filamu, alibaki na picha chache za majaribio. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikaitoa The Flash, ikaipigia tarumbeta kubwa, nayo ikaanguka vibaya sana. Wakati inaanguka, mwongozaji wake alikuwa amekwisha kutangazwa kuiongoza filamu mpya ya Batman. Huenda Batgirl nayo ilikuwa mbaya. Ubaya wa The Flash tuliuonyeshwa kwenye kumbi, tukaulipia tiketi; huo mwingine tumeambiwa tu.