Plani za shule zetu zinalala wapi?

Tangu Februari 2025, wakati Bukavu iliingia mikononi mwa M23, watu wa Fizi wameongea sana juu ya barabara, mishahara na banki. Kuna hasara moja yenye haiongelewi: plani za majengo yetu. Biro nyingi zenye zilichora shule na vituo vya afya vya huku kusini zilikuwa na ofisi Bukavu, zingine Uvira. Desemba 2025 vita vikafika Uvira pia, watu wengi wakakimbilia upande wa Baraka na Fizi. Mtu akikimbia anabeba mtoto na godoro, habebi ordinateri ya mezani. Leo ukiuliza fondasio ya shule fulani iliingia udongoni mita ngapi, unajibiwa: "Papa, ile plani ilibaki Bukavu."

Wengine watasema hiyo ni ajali ya vita tu. Hapana. Vita vimefunua shimo lenye lilikuwepo tangu zamani. Hata mbele ya vita, plani ilikuwa mali ya yule aliyeichora. Sekta haikuwa nayo, shule haikuwa nayo, na fundi aliyejenga alipewa karatasi moja yenye ilichakaa kwa mvua kabla ukuta haujafika kwenye linta.

Katika inchi zingine wamepata dawa ya ugonjwa huu, nayo inaitwa BIM. Tuiite maketi ya dijitali. Si mchoro tu. Ni jengo zima ndani ya ordinateri, na kila kipande kinabeba habari zake: dirisha linajua upana wake, nguzo inajua vyuma vyake, paa linajua idadi ya manjanja. Ukisogeza ukuta mmoja, plani zote zinafuata, na hesabu ya matofali inabadilika yenyewe.

Lakini maketi bila kanuni ya pamoja ni fujo ya kisasa. Kila biro ikiandika majina yake na kuhifadhi kwa namna yake, hakuna mwingine atakayeelewa kitu. Njo maana wenzetu waliketi wakaandika kanuni. Uingereza ililazimisha BIM kwa kazi za ujenzi za serikali kuu tangu Aprili 2016. Mwisho wa 2018 ikatoka kanuni ya kimataifa ya ISO 19650. Inapanga faili ipewe jina gani, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na iko katika hali gani kati ya nne: bado inachorwa, imegawiwa wenzake, imekubaliwa, au imewekwa katika kumbukumbu. Kuna tena aina ya faili ya wazi, IFC, yenye haifungwi na kampuni moja ya programu. Programu ya bure kama FreeCAD inaifungua.

Najua jibu la wasomaji wengi: haya ni ya wazungu, sisi hatuna hata umeme. Mimi ni mtu wa sendika ya machimbo, si enjenia, lakini jambo hili nililiona kwa macho, tena hapa hapa mashariki ya Kongo. Kampuni kubwa za dhahabu hazichimbi kwa kubahatisha. Zina modeli ya mlima mzima, na topografu anaisahihisha kadiri shimo linavyokwenda. Yule wa baruti, yule wa pampu ya maji na yule wa usalama wanatazama modeli moja. Faili ya zamani ikibaki mezani, mtu anaweza kufa. Basi kampuni hiyo hiyo, ikitoka kwenye shimo na kujengea kijiji shule kwa jina la kahie de sharje, inaacha nini? Ufunguo na picha ya sherehe. Modeli ni kwa ajili ya dhahabu. Kwa watoto, karatasi moja inatosha.

Na pesa ya kujengea inaongezeka, angalau kwenye maandishi. Kodi ya Madini ya 2018 inagawa redevansi: asilimia 15 kwa sekta, sheferi au komini yenye mgodi uko ndani yake, tena asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iende kwa maendeleo ya wakaaji. Huku Ngandja na Misisi machimbo mengi ni ya mikono, kwa hiyo tusijidanganye, mfuko huo bado mwepesi. Lakini kuna Programu ya Maendeleo ya Teritware 145, yenye ilipangiwa zaidi ya dolari miliari moja na nusu: shule 1,210, vituo vya afya 788 na majengo ya utawala 145 katika inchi nzima. Fizi ni moja ya hizo 145. Ongeza mashirika. Tangu wakimbizi walianza kurudi kutoka Tanzania kwa mashua kupitia Baraka mwaka wa 2005, na tangu Warundi walifunguliwa kambi ya Lusenda mwaka wa 2015, kila shirika limejenga kwa plani yake, na likimaliza mradi linaondoka na faili zake.

Je, kuna hatari gani ya kweli? Tuanze na ardhi yenyewe. Tunakaa ndani ya bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu 6.8 lilipiga ziwa Tanganyika, nyumba zikaanguka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu na wenzetu wa Rusizi ng'ambo. Kwa ukuta wa matofali, kinachookoa watu ni mkanda wa betoni wenye kufunga kuta zote juu na chini, na vyuma vilivyokunjwa vizuri kwenye kona. Hivyo vyote vinafichwa na simenti. Ukuta ukishapakwa rangi, hakuna inspekta, hata awe na macho makali namna gani, mwenye atajua kama vyuma vimo. Kama hakuna faili na hakuna picha za siku ya kumwaga betoni, njia ni mbili: kuvunja ukuta, ao kungoja tetemeko.

Kisha kuna ziwa. Mwaka wa 2020 na 2021 maji yalipanda, na mwaka wa 2024 yakapanda tena mpaka karibu mita 777 juu ya bahari. Avenyi za Uvira zikawa bandari, na kandokando ya Baraka watu wakahama. Hapa nataka wasomaji wakae kidogo, maana ni jambo dogo lenye kuharibu kubwa. Kwenye plani nyingi utaona alama ya sifuri: 0.00 ni sakafu ya jengo. Lakini sifuri hiyo iko mita ngapi juu ya ziwa? Plani haisemi. Fundi anaweka sakafu pale anaona panafaa, kiangazi, maji yakiwa mbali. Simu haimsaidii, sababu kimo chenye inaonyesha kinaweza kukosea mita kadhaa, na huku mita moja njo tofauti kati ya darasa na bwawa. Kanuni ya pamoja ingelazimisha kila plani ya Baraka ifungwe kwenye alama moja ya vipimo, yenye kujulikana na wote.

Tusiende upande mwingine tena, wa kudhani kanuni moja maana yake ni plani moja. Shule ya mchangani Baraka na shule ya mlimani Fizi-centre hazina udongo mmoja, hazina upepo mmoja, hata bei ya simenti si moja, sababu ikitoka Kalemie inapanda na barabara. Chenye kinapaswa kufanana ni habari: majina, vipimo, sifuri, hesabu ya vifaa, na nani aliweka sahihi.

Hesabu ya vifaa njo inaogopesha watu. Maketi ikisema jengo linahitaji mifuko kadhaa ya simenti, komite ya wazazi inaweza kusimama mlangoni mwa depo na kuhesabu. Kwa wafanyakazi ni vilevile: fundi anayelipwa kwa meta-kibu hatadanganywa juu ya alichomwaga. Sishangai kwamba kuna waentreprenere wenye hawataki habari hii itembee.

Biro zenyewe zina malalamiko yao, na moja lina haki: mchoro ni jasho lao, mwingine akiuchukua bure wanakufa njaa. Sawa. Walipwe vizuri mara moja, na mkataba useme kwamba faili ni ya sekta ao ya muji. Lakini kusema faili ni siri ya biro, wakati jengo ni la serikali na watoto wamo ndani, hapo sikubali.

Kuanza hakuhitaji ordinateri hamsini. Sekta nne za Fizi, yaani Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, pamoja na muji wa Baraka, zinaweza kukubaliana juu ya ukurasa mmoja wa kanuni. Faili ya IFC na plani za PDF kwa wenye hawana programu. Picha za vyuma mbele ya kumwaga betoni. Kopi tatu kwenye mahali tofauti, moja ikiwa mbali na vita. Nani ataangalia kama imefuatwa? Dekreti yetu ya urbanisme ya 20 Juni 1957 haiongei juu ya maketi. Mkataba unaweza. Kwa desturi pesa fulani hushikwa mpaka jengo lipokelewe mwisho, karibu mwaka mmoja nyuma ya kumaliza kazi. Iandikwe kwamba pesa hiyo haitoki mpaka mtu wa sekta amefungua faili mwenyewe, akaona sifuri iko wapi, na akapeleka kopi kwa mkurugenzi wa shule.