Mabaka ya Chatu na Somo la Urithi

Mwanafunzi wa Mwadui hahitaji kuelezwa chatu ni nini. Usukumani nyoka huyo huchezwa ngomani na Bayeye, na mabaka yake hayana ugeni. Lakini akizuka chatu asiye na rangi nyeusi, mweupe mwenye umanjano, wako watakaosema ni mwujiza, na wako watakaosema ni ukoo wake. Kauli zote mbili hutolewa kabla ya uchunguzi.

Uchunguzi umefanywa kwa ndugu yake, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule ajiviringaye kama mpira akiogopa, ambaye huzalishwa kwa wingi Marekani na Ulaya. Mabaka mengine ya ajabu hayarithiwi: joto lisilofaa kabla ya mayai kuanguliwa laweza kuyavuruga. Mengine hurithiwa dhahiri, yakaonekana katika kizazi cha kwanza. Weupe ndio uwapotezao wengi. Chatu mweupe akipandishwa na wa kawaida asiye na asili ya weupe, watoto wote huwa na rangi ya kawaida. Mchunguzi akiishia hapo atatangaza kwamba weupe haurithiwi, naye atakuwa amekosea. Maana watoto hao wakipandishwa wao kwa wao, kwa wastani mmoja katika kila wanne huzaliwa mweupe.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan, wakitumia magamba waliyojivua nyoka wa wafugaji, walionyesha kwamba aina mojawapo ya weupe huo yatokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2. Hitilafu katika jeni iyo hiyo ndiyo chanzo cha ualbino kwa watu wengi wa Afrika Mashariki walio na hali hiyo.

Hapa somo la nyoka laingia nyumbani mwa watu. Mke hujifungua mtoto mwenye ualbino; mume hutazama ukoo wake, haoni aliyefanana naye, akamtuhumu mkewe. Kosa lake ni lile la mchunguzi aliyeishia kizazi cha kwanza, kwani mtoto huyo amepokea jeni mbili zenye hitilafu, moja kwa mama na moja kwa baba. Wala ujinga haukuishia katika talaka. Katika miaka iliyofuata 2006, watu wenye ualbino waliuawa Shinyanga, Geita na Mwanza kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati migodini na ziwani, na watoto wengi wakahifadhiwa katika shule ya Buhangija.

Njegere za Mendel ni mfano mzuri, lakini hakuna mwanafunzi aliyeona jirani akimfukuza mkewe kwa sababu ya njegere. Mwalimu wa Mwadui na achore jedwali lile lile ubaoni, kwanza kwa chatu, kisha kwa wazazi wawili wenye rangi ya kawaida. Na herufi za baba ziandikwe kwanza.