Chuo cha Mkimya
Wiki hii binti wa dada yangu, mtoto wa maneno ya kuhesabu, aliketi barazani na orodha ya vyuo vya Marekani, pembeni ya kila jina kaandika kwa penseli ada na idadi ya wanafunzi. Alichokipigia mstari ni Deep Springs, kilichoanzishwa mwaka 1917 kwenye bonde la jangwa huko California: wanafunzi hawafiki 30, hawalipi ada wala malazi, na kukamua ng'ombe na kupika ni kazi yao wenyewe. "Mjomba, si ndipo penyewe hapa?" Nikamwambia, nyumba ndogo haifichi kikohozi. Huko wanafunzi hujitawala kwa vikao, na somo la kuhutubia ni la lazima. Usiposema, chuo kizima kinajua hujasema. Kwenye ukumbi wa watu mia tano, mkimya hukaa nyuma akapumua. Kusoma bure ni neema, lakini vyuo vingi vinavyojisifu kwa uhuru humpa uhuru huo msemaji, mkimya vikamwita mgonjwa wa kutibiwa. Hata hivyo nimemhimiza aombe; ng'ombe angalau hawadai hotuba.